Miwani ya Mzee Mgonjwa

Wengi wetu tumelelewa kufikiri ya kuwa mzee akiugua, heshima yake ni kulala. Tunamtandikia, tunamfunika, tunawakemea watoto wasipige kelele, na akitaka kuinuka twamrudisha kitandani kwa maneno matamu: "Pumzika, baba." Nia ni njema. Lakini yako mambo ambayo wenye elimu wameyapima, na yafaa tuyasikie.

Mzee aliyelazwa hospitalini huweza, baada ya siku mbili tatu, kuanza kuweweseka. Huwaita waliokwisha kufa, huuliza yuko wapi, hukataa dawa, na usiku halali. Hapo jamaa hugawanyika: huyu asema ni uzee, yule asema ni shetani, na wa tatu amekwisha kwenda kumtafuta mpungaji. (Sisi walimu wa chuoni huitwa mara si haba kumsomea mgonjwa wa namna hiyo, twasoma, na dua haikatazwi.) Kumbe ni maradhi yanayojulikana, yampatayo mtu kwa ghafula, na aliyepatwa nayo huenda asirudie nguvu zake za kwanza.

Daktari Sharon Inouye na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliyachungua maradhi haya, na mwaka 1999 wakatangaza waliyoyaona. Wagonjwa walikuwa 852, wote wenye miaka 70 au zaidi. Nusu yao walitunzwa kwa desturi ya hospitali, na nusu wakaongezewa matunzo. Msomaji atadhani ni dawa ya bei kubwa. La. Walihimizwa kuvaa miwani yao na vyombo vyao vya kusikilizia. Walinyweshwa maji. Waliinuliwa watembee. Waliambiwa leo ni siku gani na wako mahali gani, wakazungumzishwa. Usiku, badala ya dawa ya usingizi, walipewa kinywaji cha moto, wakasuguliwa mgongo, na kelele za wodini zikapunguzwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea waliofundishwa.

Katika wale 426 wa desturi, 64 waliweweseka. Katika 426 wa matunzo, 42. Tofauti ni watu 22, hesabu ndogo kwa asiye na mzazi kitandani. Tena lishikwe neno hili: aliyekwisha kuweweseka, matunzo hayo hayakuonekana kumpunguzia ukali wake. Faida yake ni ya kutangulia.

Kila aliyehifadhi Sura Bani Israil aijua amri ya wazazi wawili wanaofikia uzee mikononi mwetu. Tumezoea kuifasiri kwa ulimi, tusiwajibu vibaya. Lakini mkono nao una sehemu yake. Mwaka jana tulikwenda kumtazama mzee wa mtaani kwetu aliyelazwa. Miwani yake imefungiwa kabatini nyumbani, ati isipotee. Jagi la maji liko mbali na mkono wake. Tulimtuma kijana akaileta miwani. Mzee alipoivaa alitutazama mmoja mmoja, kisha akamwuliza mjukuu wake mbona leo hakwenda chuoni.

Basi aendaye kulala na mgonjwa wake aichukue miwani, na amwulize mwuguzi kwanza kama mgonjwa aruhusiwa kunywa na kuinuka, kwani wapo wenye maradhi ya moyo waliopimiwa maji yao.