Ubao Uliokunjwa kama Jamvi

Mtu mmoja wa Marekani alikuwa akijiundia kigari cha kulalia safarini, cha kukokotwa na motokaa. Paa lake lilipindika kama mgongo wa kobe. Plaiwudi ya kawaida ilimpasukia, maana nyuzi za tabaka zake hupishana. Basi akatafuta ile laini, ambayo nyuzi za tabaka za nje huelekea upande mmoja. Duka la karibu waliuza ya kukunjika kwa upana tu, naye alitaka ya kukunjika kwa urefu. Akaiacha, ingawa ilikuwa rahisi. Mbali sana akapata ubao wa futi 4 kwa 8. Juu ya motokaa upepo ungaliuvunja, kwa hiyo akaukunja kama jamvi, akaufunga kamba, akautia ndani. Nyumbani alipokata kamba, ubao ukafunguka ghafula ukamvua kofia.