Jembe Lilipopanda Jukwaani

Bugobogobo ni ngoma ya kazi. Vijana wa Kisukuma walialikwa na mwenye shamba, wakajipanga safu moja, ngoma ikalia, na majembe yakapanda na kushuka kwa pigo moja hadi shamba likaisha. Ujira wao ulikuwa chakula au mifugo, na baadaye fedha.

Leo hapa Katoro plau na trekta zimeshika nafasi ya safu ile, na vijana wengi wamekwenda kwenye maduara ya dhahabu. Jembe la bugobogobo limehamia jukwaani, mbele ya mgeni rasmi, kwa dakika tano. Sisi tuliokaa katika utumishi wa umma tumezishuhudia sana dakika tano hizo. Wachezaji hurusha majembe, wageni hupiga makofi, na maneno ya wimbo hayasikiki kabisa.

Hatusemi haya kwa kuwabeza waliotangulia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kuzirudishia heshima ngoma ambazo shule za kikoloni zilizidharau. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilifuata mwaka 1963, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981. Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini katika safari ya kutoka kijijini hadi jukwaa la taifa, hatua za miguu zilisafiri vizuri kuliko mashairi.

Na Wasukuma, ndugu msomaji, walikuwa na njia kali ya kuzalisha mashairi. Wachezaji wao wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake huhesabiwa kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hupiga ngoma uwanja mmoja, saa ile ile. Hapana jaji mwenye karatasi: watazamaji huamua kwa miguu yao, na anayekimbiwa ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, hawezi kurudi na wimbo wa mwaka jana. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950, hakuishia kuhifadhi ngoma na viti vya watemi. Mashindano nayo yalipata nafasi katika sikukuu ya Bulabo, kila mwezi Juni.

Basi twaona kwamba kinachofaa kuokolewa kwanza ni ushindani huo, hata kabla ya jembe lenyewe. Wanafunzi wa Katoro na watunge juu ya duara, kamba na vumbi la mawe, pande mbili, uwanja mmoja. Wapo wazee wasemao kuwa bila jembe hiyo si bugobogobo. Wana haki, na waipe jina jingine.

Jirani yetu mmoja, ningi wa zamani, ana nyimbo nyingi ambazo wajukuu wake hawazijui. Mwalimu wa sekondari alimwendea na daftari, akamwomba aziimbe ziandikwe. Mzee alikubali kwa sharti moja: atafutwe kwanza mpinzani wa upande wa pili. Mwalimu angali anamtafuta.