Kidimbwi cha Mayungiyungi Kisimtie Jirani Hofu

Je, msomaji mpenzi, umewahi kufika Membley? Ikiwa bado, safari yenyewe si ndefu. Panda matatu ya Ruiru au ya Thika katikati ya jiji la Nairobi, ukae kando ya dirisha, kisha uhesabu vituo: Roysambu, Githurai, Kahawa Wendani, Kahawa Sukari, halafu Chuo Kikuu cha Kenyatta. Muda si muda utakuwa umewasili. Barabara ya Thika, tangu ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, imewavuta watu wengi wa jiji kuja kujenga huku, na leo Membley ni mtaa wa nyumba za mawe, mageti ya chuma na kuta ndefu katika Kaunti ya Kiambu.

Hata hivyo, ardhi ya Ruiru ina sifa ya zamani kuliko mageti hayo. Hii ni nchi ya kahawa, na kituo cha utafiti wa zao hilo kingali hapa hapa Ruiru. Mashamba mengi yamekatwa viwanja, na palipokuwa na mibuni sasa pana sebule. Mwenye nyumba hubaki na kipande kidogo cha bustani kati ya ukuta na mlango: nyasi, waridi mawili matatu, pengine na mparachichi mmoja. Katika kipande hicho hicho unaweza kuweka kitu ambacho wengi hudhani ni cha mahoteli makubwa tu, nacho ni kidimbwi cha mayungiyungi.

Hapo ndipo maneno huanza. Chimba shimo, tia maji, na kabla ua la kwanza halijachanua, jirani atachungulia juu ya ukuta na kuuliza: "Jirani, hayo maji si yatatuletea mbu?" Tafadhali usimcheke wala usimnunie. Swali lake ni la haki, na kidimbwi kisichoweza kulijibu hakifai kuchimbwa.

Wasiwasi wa Giverny

Swali hilo lina umri mkubwa. Mwaka wa 1893, mchoraji Claude Monet alinunua kiwanja kando ya kijito katika kijiji cha Giverny, Ufaransa. Alitaka kuelekeza maji ya kijito hicho kwenye kidimbwi chake na kupanda mayungiyungi. Wanakijiji walipinga. Walifua nguo na kunywesha mifugo kwenye maji hayo, nao waliogopa kwamba mimea migeni ingeyatia sumu. Monet alilazimika kuomba ruhusa kwa wakuu wa serikali, na mwishowe akaipata. Kutokana na kidimbwi hicho alichora picha zipatazo 250, ambazo leo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuzitazama.

Mimea yenyewe ilitokana na kazi ya Mfaransa mwingine, Joseph Bory Latour-Marliac, aliyeanzisha kitalu chake mwaka wa 1875 katika kijiji cha Temple-sur-Lot. Kabla yake, mayungiyungi yaliyoweza kustahimili baridi ya Ulaya yalikuwa meupe, basi. Yeye aliyachanganya na mayungiyungi ya porini kutoka nchi nyingine hadi akapata ya manjano, ya waridi na mekundu. Aliyaonyesha Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka wa 1889. Hayo ndiyo mababu wa mayungiyungi sugu yanayouzwa hadi leo, yaani yale yanayostahimili baridi.

Sugu ni lipi?

Huenda ukauliza, mtu wa Membley ana haja gani na ua la nchi za theluji? Membley iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na anayeamka alfajiri mwezi wa Julai anajua kwamba baridi ya huku si ya mzaha. Ua sugu halijali baridi hiyo. Kwao hulala chini ya maji miezi yote ya majira ya baridi. Hapa, ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, halina sababu ya kulala vile.

Kulitambua si kazi ngumu. Yungiyungi sugu lina majani yenye ukingo laini, na ua lake huelea juu ya maji. Yungiyungi la nchi za joto aghalabu lina majani yenye ukingo wa menomeno, na ua lake husimama juu ya maji kwa shingo ndefu. Rangi ya samawati ni ya haya ya joto. Ukiambiwa yungiyungi fulani ni sugu nalo lina ua la samawati, muulize muuzaji tena.

Wala usidhani kwamba Kenya haina lake. Yungiyungi la samawati ni mwenyeji wa maziwa na mabwawa yetu. Zamani lilipamba Ziwa Naivasha, hadi kamba wa maji baridi kutoka Marekani walipoingizwa humo mwaka wa 1970. Kamba hao hula mimea ya majini, na kufikia mapema miaka ya 1980 mayungiyungi yalikuwa karibu kutoweka kabisa katika ziwa hilo. Kiumbe kimoja kilichotiwa majini kwa nia njema kilitosha kuchangia hasara kubwa. Tutarudi kwenye funzo hilo.

Namna ya kupanda

Tuseme una nafasi ya mita 2 kwa mita 1.5. Chagua mahali panapopigwa na jua kwa saa sita au zaidi, mbali na miti inayopukutisha majani. Chimba kina cha sentimita 60. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, usiamini saruji peke yake, kwani itapasuka pamoja nao. Tandika karatasi nzito ya plastiki, ile ile ambayo wakulima hutandika kwenye mabwawa ya kuvuna maji ya mvua. Chini yake tia mchanga au magunia makuukuu ili mawe yasiitoboe.

Kidimbwi hicho kitameza lita 1,800, yaani mitungi 90 ya lita 20. Usishtuke. Paa la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 40 za mvua hukinga takriban lita 2,000, ukiacha zinazomwagika. Kwa hiyo chimba kabla ya masika au vuli, uwachie mbingu kazi hiyo. Baadaye, siku ya jua kali likipunguza maji kwa milimita tano, utakuwa umepoteza lita 15, hata mtungi mmoja haujajaa. Ukitumia maji ya mfereji yenye dawa, yaache siku mbili kabla ya kutia samaki.

Mayungiyungi hupandwa ndani ya beseni pana, lenye upana wa sentimita 40 hivi na kina cha 20. Udongo uwe mzito wa shambani, usio na samadi wala mboji, kwa maana vitu hivyo huoza majini na kuyafanya ya kijani na yenye kunuka. Shina la yungiyungi sugu hutambaa kama tangawizi. Lilaze kwa mshazari, kitako chake kikigusa ukingo wa beseni na ncha inayochipua ikielekea katikati, na ncha hiyo usiifukie. Tandaza kokoto juu, kisha literemshe beseni polepole. Kwanza maji yawe sentimita 15 juu ya ncha, na majani yakishika nguvu, ongeza hadi 30 au 45. Mbolea ni ya kufukiwa ndani ya udongo wa beseni, kamwe si ya kurushwa majini.

Ua hili halipendi maji ya kurukaruka, kwa hiyo usiweke mtambo wa kurusha maji karibu nalo. Kwa kidimbwi cha ukubwa huu, mmea mmoja wa wastani watosha, miwili ndiyo mwisho. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, toa beseni, kata shina, na upande upya kipande chenye ncha changa.

Na wewe mwanafunzi unayepanga chumba kimoja, usikate tamaa. Kuna mayungiyungi madogo yanayoridhika na nusu pipa lenye maji ya sentimita 25 juu ya udongo. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Kumjibu jirani

Sasa turudi ukutani. Jirani alitaja mbu. Mbu huhitaji takriban wiki moja hadi mbili ndani ya maji tangu yai hadi kuruka. Kwa hiyo maji yasiyo na adui wa viluwiluwi vyake ndiyo hatari, yawe ni ya kidimbwi, ya gurudumu kuukuu au ya sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Tia samaki wadogo wa mapambo, kama gapi au samaki dhahabu, nao watavila viluwiluwi hivyo. Usitie tilapia wala kambale, kwani watafukua beseni na kuharibu majani. Majani ya mayungiyungi hutia kivuli na kuzuia maji yasigeuke kijani, lakini yasifunike zaidi ya theluthi mbili, maana samaki hawezi kumfikia mbu aliyejificha kwenye msitu. Nyanda hizi hazina malaria nyingi kama Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria. Hata hivyo mbu ni mbu, na usingizi wa jirani ni wake.

Jambo la pili jirani huenda asilitaje, nalo ndilo zito kuliko yote: mtoto. Mtoto mchanga anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magoti ya mtu mzima, tena bila kelele. Ikiwa nyumbani kwako au kwa jirani kuna watoto wadogo, funga wavu wa chuma imara kwenye kidimbwi, juu ya uso wa maji, au weka ua wenye mlango unaofungwa. Majani na maua yataonekana kupitia matundu, mtoto hatapenya. Kama huna fedha za wavu leo, basi kidimbwi na kisubiri.

Jambo la tatu ni mto. Mito ya Ruiru na Kamiti humwaga maji yake katika mfumo wa mto Athi, unaoitwa Galana ukiwa mbele na Sabaki unapoingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kinachotupwa mtaroni Membley kina njia ndefu ya kusafiri. Gugumaji, lile la maua ya zambarau lililotoka Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wake, na watu walilitia vidimbwini kama pambo. Wavuvi wa Kisumu wanajua lilivyofunga Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, nao wakazi wa Nairobi wameliona likilifunika Bwawa la Nairobi karibu na Kibera. Linatambulika kwa vikonyo vilivyovimba kama viputo, na huelea bila kushika udongo. Ukipewa hilo kwenye kitalu cha kando ya barabara, likatae, hata liwe la bure. Na hayo mayungiyungi yako, ukiyapunguza, yaanike juani yakauke kisha uyatie kwenye shimo la mboji. Samaki nao wasimwagwe mtoni. Wanakijiji wa Giverny walikosea kuhusu mayungiyungi, lakini hofu yao juu ya mimea migeni haikuwa upuuzi. Naivasha na Winam ni mashahidi.

Siku nne za ua

Ukiyatimiza hayo, unaweza kumwalika jirani. Mwite asubuhi jua likishapanda, kwani mayungiyungi sugu hufumbua macho mchana na kuyafumba alasiri. Ua moja huishi siku tatu au nne tu. Siku ya kwanza, katikati yake huwa na kijibakuli cha majimaji, na mdudu anayetua humo huoshwa chavua aliyotoka nayo kwenye ua jingine. Siku zinazofuata majimaji hukauka, na ua hutoa chavua yake lenyewe kumkabidhi mdudu mwingine. Kazi ikiisha, hujifunga na kuzama, na mengine huchukua nafasi yake.

Vyura watakuja bila kualikwa, na kereng'ende pia, kwa sababu mabonde yao yanazidi kujengwa na wana kiu ya pa kukaa. Jirani atalalamika kwamba vyura wana kelele usiku wa mvua. Mkubalie, wana kelele kweli. Kisha mwahidi kwamba shina litakapogawanywa, kipande cha kwanza kitapitishwa juu ya ukuta kwake, pamoja na samaki wawili wa kulinda maji yake.