Chanuo la Mwanga

Likizo iliyopita, nikiwa Mfaranyaki, mpwa wangu alishikwa na homa. Zahanatini vipimo vya malaria vilikuwa vimekwisha. Akapewa dawa kwa kubahatisha.

Usiku ule niliukumbuka mwanga usioonekana kwa macho, infraredi ya kati. Kila aina ya molekuli huunyonya kwa namna yake, mithili ya alama ya kidole. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walionyesha kwamba mwanga huo, ukimulikwa kwenye damu iliyokaushwa, huweza kubainisha vimelea vya malaria kwa usahihi wa takribani asilimia 92. Ng'ambo wamekwenda mbali zaidi: leza yao hutoa maelfu ya rangi zilizopangwa kwa nafasi sawa, kama meno ya chanuo, na kila jino hupimwa kwa saa ya atomu. Mbinu hiyo iliwachangia John Hall na Theodor Hänsch kupata Nobeli ya Fizikia mwaka 2005.

Lakini Ifakara si ng'ambo, ndugu msomaji. Iko Morogoro, mkoa tunaopakana nao. Hata hivyo bajeti ya utafiti bado tunaijadili kana kwamba ni anasa.

Alfajiri mtoto alikuwa angali akitetemeka, nasi hatukujua anaumwa nini.