Maji ya Belezoni

Marehemu mama yangu alizaliwa Ozi, na hata uzee ulipomkuta Lamu hakuacha kuyasifu maji ya kwao. Alipolazwa na maradhi ya mwisho aliniagiza kitu kimoja tu: chupa ya maji ya mto. Nikavuka bahari, nikashika njia ya Witu, na huko Kipini nikapata mzee wa kunipandisha kwa mtumbwi.

Ulikuwa msimu wa kiangazi, na bamvua. Tulipofika Ozi niliteka maji kwa kiganja, nikayaonja, nikayatema. Chumvi tupu! Ukingoni miembe ilisimama mikavu.

"Bahari imepanda, mwanangu," mzee akasema. "Mto hauna tena nguvu za kuirudisha."

Huko juu Tana umezuiwa kwa mabwawa. La Masinga tangu mwaka 1981, la Kiambere tangu 1988.

Tukaendelea, tukaipita Kau, hata mikoko ikatupa mkono, ikabaki mikindu na matete. Nilikuwa nikiuulizia mfereji wa Belezoni, nikitazamia kuona handaki lililofukiwa na majani. Mzee akacheka. "Uko juu yake."

Katika karne ya 19 Sultani Ahmad wa Witu, aliyeitwa Simba, aliuchimbisha mfereji huo kuunganisha Tana na Ozi, mitumbwi ipate kushuka hadi Kipini. Ulikuwa mwembamba. Mafuriko yakaupanua, na Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, ukaihama njia yake ya kale ukaifuata hii. Kilichoachwa ukiwa si mfereji, bali ni mto wenyewe wa zamani, ambao mdomo wake leo ni wa maji ya bahari na mikoko.

Nilitafuta alama ya jembe ukingoni, nisiione. Waliochimba hawakuandikwa majina. Ndege walikuwa wakitua matetini kana kwamba pahali hapo hapakuguswa na mkono wa mja tangu kuumbwa kwa dunia.

Nikaonja tena. Maji yalikuwa matamu, yenye ladha ya udongo. Nikajaza chupa.

Mama alikunywa funda mbili, akafumba macho. "Haya ndiyo maji ya Ozi," akasema.

Nilimfunika shuka, na hadi alipofariki sikumwambia niliyateka wapi.