Kiko Kifuani

Fulana yenyewe ni nyeusi, nililipia shilingi 25,000 kwenye kibanda cha kuchapisha nguo hapa Kakoba, Mbarara. Kifuani kuna kiko kinachofuka moshi, na chini yake maneno mawili: BWANA MSA. Mgongoni kuna jina la aliyemuumba, Muhammed Said Abdulla. Kijana wa mashine aliniuliza kama Bwana Msa ni mgombea. Nikamjibu kuwa ni mpelelezi. Hapo akaacha maswali, akataka hela yote kabla ya kuanza kazi.

Anayesoma haya akiwa Dar es Salaam huenda asielewe hofu ile. Kwetu Uganda, Kiswahili kilitembea na bunduki kwa miaka mingi. Kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu ukoloni, na wakati wa Idi Amin watu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Wazee husimulia kwamba hata majambazi waliamrisha kwa Kiswahili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi, lakini muuza ndizi sokoni hakuombwa maoni. Siku ya kwanza nilipovaa fulana yangu, mama mmoja aliniita "afande" akanitajia bei ya mwisho papo hapo. Bei niliipenda. Macho yake sikuyapenda.

Wenzangu darasani wanamshabikia Elvis Musiba na Willy Gamba wake, mtu wa bastola na ndege. Mimi ni wa Bwana Msa, anayekaa na kiko chake akafikiri, huku rafiki yake Najum akibabaika pembeni. Nadhani ni kwa sababu nimekulia mahali ambapo watu wenye bastola hawakuwahi kutatua jambo lolote.

Mahali hapo ni Nakivale. Tulifika kutoka Kivu nikiwa mdogo, na jirani yetu alikuwa mzee wa Kirundi aliyesomea Tanzania. Kati ya vitu vyake vichache kulikuwa na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu cha mwaka 1960, mwaka uleule Nakivale ilipotambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi. Kitabu na kambi ni rika moja. Nakala ya mzee haikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Alishuku ziliwashia jiko safarini. Basi niliisoma mara nne bila kumjua muuaji. Jioni tulibishana mlangoni pake, yeye na mtu wake, mimi na wangu, mpaka mama aniite kula.

Nilipokuja Mbarara kusoma, nikapata nakala nzima. Niliimaliza usiku mmoja, halafu nikajiona nimemsaliti mtu.

Likizo iliyopita nilikwenda Nakivale nimevaa fulana, kitabu kikiwa ndani ya mkoba. Mama alitazama kile kiko akashtuka. "Sasa weye unavutaka tumbaku?" Nilitumia nusu saa kumtuliza. Mzee yeye hakuona kitu. Macho yake yameingia ukungu. Nilimwambia kilichoandikwa. Akaipapasa fulana kifuani, akifuata herufi kwa kidole, akacheka.

"Kwa hiyo umeshamjua."

"Ndiyo, mzee."

"Usiniambie. Nisomee."

Nilimsomea siku tatu, tangu mwanzo, kwa sababu alikataa turuke hata sura moja. Watoto wa jirani walikuja kusikiliza, na mmoja wao alianza kunitangaza kwa jina la Bwana Msa. Siku ya tatu tulifika pale nakala yake ilipokuwa inaishia. Mzee akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Ngoja. Acha kwanza niseme mimi."

Akamtaja mtu wake, yuleyule wa miaka yote. Niliinamisha uso, ingawa hakuwa ananiona. Akaondoa mkono, nikaendelea kusoma.