Taa za Diwali Mjini Nakuru

Binti ya ndugu yetu aliolewa Nakuru, na kila tulipomwalika Mombasa alitujibu kuwa zamu ni yetu kupanda bara. Hatimaye tukapanda. Baada ya Nairobi gari liliteremka ukingo wa Bonde la Ufa, likapita Naivasha na Gilgil, na alasiri tukaingia Nakuru tumejifunga shali juu ya mabuibui. Mji huo, uliopandishwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, umekaa zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani huarifiwa hayo na mifupa yake.

Hatukujua kuwa tumefika siku ya Diwali. Mbele ya nyumba ya jirani wasichana walikuwa wameinama wakichora maua sakafuni kwa unga wa rangi, na juu ya ukuta vimepangwa vijitaa vya udongo vyenye tambi za pamba. Giza lilipoingia vikawashwa vyote. Usiku huo haukuwa na mwezi, kwani Diwali huangukia mwezi unapokwisha kabisa. Wahindu nao huhesabu kwa mwezi kama sisi, ila takriban kila mwaka wa tatu huongeza mwezi wa 13, na ndiyo sababu sikukuu yao haitoki Oktoba na Novemba ilhali Idi zetu huzunguka mwaka mzima.

Mwenye nyumba ni ajuza wa Kigujarati, mzaliwa wa Nakuru, ambaye watoto wa mtaa humwita Ba, yaani mama. Watu wake walifuata reli. Reli hiyo ilianzwa kwetu Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na kwa ujenzi wake waliletwa kutoka India wafanyakazi zaidi ya 30,000, Waislamu wakiwemo. Wenye maduka wakaja nyuma yao, kituo kwa kituo.

Lakini Ba kwetu si habari za reli. Mwenetu alipojifungua mara ya kwanza, sisi tuliostahili kwenda kumlea arubaini yake hatukwenda. Huyu alikuwa na harusi, yule na mgonjwa. Aliyempikia uji na kumshikia mtoto usiku ni Ba.

Usiku ule akatualika. Kesho ilikuwa mwaka mpya wa Wagujarati, na hekaluni kungekuwa na Annakut: vyakula vya kila namna, vyote visivyo nyama, hupangwa ngazi kwa ngazi kama mlima mbele ya masanamu, kisha hugawiwa watu kwa baraka. Kwa Muislamu, hapo ndipo penye mwiba. Nyama haimo, lakini chakula kimetolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu.

Tulibishana hadi usiku wa manane. Mkubwa wetu alishika Surat Al-Kafirun, kwamba wao wana dini yao nasi tuna yetu. Mwingine akamkumbusha Surat Al-Mumtahina, ambamo hatukukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mwenye kutaka hukumu amwendee shekhe wake. Sisi tulikubaliana kumzuru Ba nyumbani, tusiende hekaluni, tusile cha sadaka ile. Lakini ni nani angemwambia mwanamke aliyemlisha binti yetu kwamba chakula chake hakilikiki? Kila mmoja alimtazama mwenziwe. Tukaazimia kusingizia uchovu wa safari.

Asubuhi Ba alitutangulia. Aliingia na sinia la ladu, barfi na chevda, akasema, "Sal Mubarak," ndiyo salamu yao ya mwaka mpya, nasi tukashtuka kusikia humo neno letu la Idi. Akaliweka sinia mkekani. "Hili halikufika hekaluni, wanangu. La kwenu hulitenga jikoni mapema, kabla ya lolote kutoka. Kuleni bila wasiwasi."

Kumbe ndivyo afanyavyo kila mwaka, na mwenetu hakuona haja ya kutusimulia. Naye mwenetu ana sufuria mbili kabatini zisizoguswa na nyama. Ba ni mfuasi wa Swaminarayan, hali hata kitunguu wala thomu, basi mbaazi za nazi za kumpelekea mwezi wa Ramadhani hupikwa humo, bila vitu hivyo.

Tulikula. Mazungumzo yakanoga hata mmoja wetu, akitaka kusifu dawa ya kifua aliyopewa, akaropoka ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Chumba kizima kikanyamaza. Tuliikua nayo methali hiyo, tukaitamka kama mtu apigavyo chafya, na siku ile tu ndipo tulipoisikia.

Ba alikunja kanga ya mapajani pake. "Nimeisoma shuleni," alisema. "Kiatu nimekiacha mlangoni. Chukueni." Kisha akacheka, na kucheka kwake kukatuuma zaidi ya ambavyo angekasirika.

Siku ya tatu tulimrudishia sinia lake. Halikurudi tupu: aliyeropoka ndiye aliyeamka alfajiri akakanda mahamri ya tui na iliki, bila yai, akayakaanga kwa mafuta mapya, akayapeleka mwenyewe.